Watoto wawili, mpasuko uleule: kwa nini mmoja anastawi na mwingine anadhoofu?

#1 KijikoUsiku (mleta mada)
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja.

Mwanangu alizaliwa mdomo umepasuka upande wa kushoto, mpasuko ukapita kwenye fizi hadi kaakaa. Wodini tulikuwa kina mama wawili wenye watoto wa hivyo, tumepishana siku mbili kujifungua. Mpasuko uleule, upande uleule, hata uzito wa kuzaliwa ulikaribiana. Tukapeana namba. Leo wangu ana miaka 4, mdomo na kaakaa vimefungwa, anaongea mpaka majirani wanaomba poo. Wa mwenzangu alifungwa mdomo akiwa na mwaka na nusu, kaakaa bado liko wazi, masikio yanatoa usaha kila mara, na ukimwona utadhani ana miaka 2.

Daktari ni yuleyule. Dawa ni zilezile. Kwa hiyo naleta hoja, mnipige mawe mkitaka: kinachowadhoofisha watoto hawa si mpasuko, ni watu wanaowazunguka. Nyumba, ukoo, shule, mhudumu wa kwanza kumpokea. Nani anabisha?

#2 MzeeWaKubisha
Nabisha mimi, jina linajieleza. Watoto wawili si ushahidi, ni hadithi ya wodini. Mpasuko huja peke yake, au huja umefuatana na mengine: moyo wenye tundu, taya dogo la chini, figo. Likipasuka kaakaa tu bila mdomo, karibu nusu ya watoto huwa na jambo jingine la kuzaliwa nalo. Ukiwemo mdomo ni wachache zaidi, kama 3 kati ya 10. Sasa wewe unajuaje kama moyo wa yule mtoto ni mzima? Umeanza kulaumu ukoo kabla hujamaliza mwili.

#3 Pweza_Mvivu
Navuta kiti. Mzee wa Kubisha akishaingia, uzi haulali.

#4 NesiWaZamu
Mzee, swali la moyo ni halali, mleta mada atatujibu. Ila niseme ninachokiona kazini, miaka 11 sasa wodi ya watoto. Wengi wanaoletwa wamedhoofu hawana moyo mbovu. Wana njaa.

Mtoto hunyonya kwa kufyonza. Ili afyonze, mdomo lazima uzibe mbele na kaakaa lizibe juu. Kaakaa likiwa wazi ni sawa na kunywa kwa mrija uliotoboka ubavuni: unavuta, hewa inaingia, kinywaji hakipandi. Anahangaika saa nzima kwenye ziwa, anachoka, analala, mama anadhani ameshiba. Hayo machache aliyopata mengine yametokea puani. Aliyepasuka mdomo tu, kaakaa zima, mara nyingi ananyonya vizuri kwa sababu ziwa lenyewe linaziba ule uwazi. Mama anatakiwa aambiwe tofauti hiyo siku ya kwanza, na hapo ndipo tunapowaangusha. Haihitaji mashine. Kamua, mpe kwa kijiko, kikombe kidogo au chupa laini ya kuminya, mkalishe wima, mcheulishe mara kwa mara, mpime uzito kila wiki. Ni mafunzo ya dakika 20. Lakini mkunga aliyechoka anamwambia mama "endelea tu, atazoea", na wiki 6 baadaye naletewa mtoto mifupa mitupu.

Halafu linakuja fundo. Kwa upasuaji wa mdomo madaktari wengi bado hufuata kanuni ya zamani ya kumi mara tatu: umri wiki 10, uzito pauni 10 (kilo 4 na nusu hivi), damu gramu 10. Hajafika uzito, anarudishwa nyumbani. Nyumbani mambo ni yaleyale, anarudi na uzito uleule au pungufu. Mleta mada, mimi siuoni ukoo hapo. Naona sisi wahudumu.

#5 KijikoUsiku
@MzeeWaKubisha moyo wake ulipimwa, na wa mwanangu pia, siku moja. Wote wazima.

@NesiWaZamu umenigusa, lakini sikiliza. Sisi wawili tulifundishwa kijiko na muuguzi mmoja, tumeketi kitanda kimoja. Maarifa tulitoka nayo sawa. Mimi nilirudi nyumbani nikamkuta mama yangu, akashika zamu ya saa nane usiku miezi minne mfululizo, ndiyo asili ya jina langu humu. Mwenzangu alirudi kwa mama mkwe aliyesema kijiko ni cha wagonjwa, mtoto wa ukoo wao atanyonya. Akawa anakamua kwa kujificha chooni. Ukikamua kwa hofu maziwa hayashuki, aliyejaribu anajua.

#6 Shangazi_Pilipili
HAPO HAPO.

Wifi yangu alimfunika wake uso kwa kitambaa mpaka miezi minane. Hakuwa anamkinga jua, alikuwa anamkinga macho ya watu. Kliniki aliacha kwenda kwa sababu akikaa kwenye benchi wenzake wanasogea. Usipokwenda kliniki hakuna chanjo. Mtoto akapata surua, surua ikashuka mapafuni. Alipona, ila ilimrudisha nyuma karibu mwaka mzima. Ukifungua faili lake utakuta pameandikwa nimonia. Hakuna mahali pameandikwa aibu.

#7 FundiBaiskeli
Shangazi, Nesi, nawaheshimu, lakini wote mmeruka kitu kimoja. Nauli.

Mwanangu naye ni mdomo sungura. Alipangiwa upasuaji mara tatu. Upasuaji wenyewe bure, sikatai, na nashukuru. Mara ya kwanza ana mafua, wakasema hawezi kupewa nusu kaputi. Mara ya pili damu pungufu. Mara ya tatu tukasubiri siku 5, mtu wa usingizi hakuwepo. Kila safari ni watu wawili, pa kulala, na siku ambazo sijashika spana. Kaka zake wanaachiwa jirani. Baada ya hiyo ya tatu niliuza vifaa vya kazi. Sasa mtu akija kuniambia baba nimemchelewesha mtoto kwa aibu, nitamwuliza siku hizo tano yeye alikuwa anakula kwa nani.

#8 Shangazi_Pilipili
Pole baba, wewe siye ninayemsema. Ila umaskini hauelezi yote. Niliwahi kufanya kazi za ndani kwenye nyumba yenye magari matatu. Mtoto wao aliletwa sebuleni wageni wakishaondoka. Fedha za kumpeleka popote duniani zilikuwepo. Alifungwa mdomo ana miaka 3, eti walikuwa wanangoja mambo yatulie.

#9 Pweza_Mvivu
Fundi moja, Shangazi moja. Nesi kajifunga mwenyewe.

#10 MwangaWaJioni
Mbona hamgusi chanzo? Bibi yangu alisema mjamzito akishika kisu mwezi unapopatwa, mtoto hutoka hivyo. Mtacheka, lakini wazee hawakuwa wajinga.

#11 Darubini
Hatucheki. Imani hiyo iko mabara mengi, na kila mahali inaishia kwa mama. Ila haifanyi kazi hivyo. Mdomo huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, kaakaa kati ya wiki ya 6 na ya 9. Wengi wakati huo hata hawajajua kama wana mimba. Uso hujengwa na vipande vinavyoota kutoka pembeni kuja kukutana katikati, visipokutana uwazi unabaki. Kwa hiyo hakuna kilichokatwa hapo, kuna kitu ambacho hakikuungana.

Sababu huchanganyika. Kuna vinasaba, jeni liitwalo IRF6 ni mojawapo ya yaliyothibitika. Kuna sigara: ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2014 ilitamka wazi kwamba uvutaji wa mama mwanzoni mwa mimba husababisha mipasuko ya uso. Kuna kisukari kilichokuwepo kabla ya mimba, na baadhi ya dawa za kifafa kama topiramati na valproati (mwenye kuzitumia asiache mwenyewe, amwone daktari, kifafa nacho kinaua). Duniani ni kama mtoto 1 kati ya 700. Kwa wengi wao hakuna sababu moja ambayo mtu anaweza kuinyooshea kidole. Na wazazi wasio na mpasuko wakipata mtoto mmoja mwenye nao, anayefuata ana uwezekano wa asilimia 2 hadi 5 hivi. Kuna ndoa zimevunjika kwa kuogopa hiyo 5.

#12 KijikoUsiku
Asante Darubini. Lakini hata sayansi inapofika kitandani kwa mzazi hugeuka. Mimi niliulizwa na daktari mwanafunzi, mbele ya mume wangu, kama nilimeza vidonge vya foliki kabla ya mimba. Aliuliza kwa wema kabisa, anajaza fomu. Mume akanigeukia akanitazama. Kisu cha mwezi na kidonge cha foliki, usiku ule vilikuwa kitu kimoja.

#13 Darubini
Na fomu yenyewe ilimzidi. Foliki imethibitika kuzuia mgongo wazi. Kwa mdomo na kaakaa matokeo ya tafiti yanapishana. Kumeza ni vizuri, lakini haiwezi kuwa kesi ya mtu.

#14 MzeeWaKubisha
Na baba je? Jeni huja pande zote mbili. Miaka yote hii sijasikia baba anaulizwa wodini kama babu yake alikuwa na kovu juu ya mdomo.

#15 Pweza_Mvivu
Mzee leo amekubaliana na kina mama. Piga picha ya skrini kabla hajafuta.

#16 ChakiNyeupe
Niungame. Ni mwalimu. Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la pili, kaakaa lake lilichelewa kufungwa, akisema sauti inapitia puani. Nikimwuliza swali darasa linacheka kabla hajajibu. Nikaacha kumwuliza, nikidhani namlinda. Nikamhamishia nyuma, kwenye utulivu. Imla anaandika nusu, maagizo anafuata kwa kuchungulia jirani. Kwenye ripoti nikaandika "uelewa mdogo". Muhula wa tatu mama yake akaja na karatasi ya hospitali: masikio yote mawili yamejaa ute, hasikii vizuri. Yaani nilimkalisha mtoto asiyesikia dawati la mwisho, kisha nikampa alama za akili.

Niliandika ripoti upya. Ile ya kwanza ilikuwa imeshasomwa nyumbani, na baba alishaamua ada iende kwa mdogo wake.

#17 NesiWaZamu
Mwalimu, asante kwa kusema. Hilo la masikio niliweke sawa kwa wengine. Msuli unaofungua mrija kati ya koo na sikio ni uleule unaokaza kaakaa laini. Kaakaa likipasuka msuli hauna pa kujishikiza, mrija haufunguki, ute unakusanyika nyuma ya ngoma ya sikio. Karibu kila mtoto mwenye kaakaa wazi hupitia hili miaka ya mwanzo, na wengine linaendelea hata baada ya upasuaji. Mara nyingi hakuna maumivu wala homa, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Mtoto asiyeisikia "s" vizuri hawezi kuitamka vizuri. Mtaani wanasema daktari alishona vibaya.

#18 Kovu_Langu
Nimesoma uzi wote kimya. Nina miaka 34, nimepasuliwa mara 6, na kusema kweli nimechoka kidogo kusomwa kama tatizo. Kazi ninayo, mke ninaye, ananicheka nikikoroma maana pua imepinda.

Nitasema jambo ambalo halitapendwa. Walionicheka shuleni hawakunidhuru sana. Niliwazoea, wengine ni marafiki zangu hadi leo. Aliyenidhuru ni mama yangu, kwa upendo. Alikuwa ananijibia. Mtu akiniuliza jina, mama anajibu. Daktari akiniuliza panauma wapi, mama anajibu. Nilifika miaka 9 sijawahi kuagiza kitu dukani kwa sauti yangu. Mtaalamu wa matamshi nilikuwa naye dakika 40 kwa wiki, saa zilizobaki zote mtu mwingine ananisemea. Mazoezi yangeshika wapi?

Na hilo jina "mdomo sungura", Fundi, naomba liache.

#19 FundiBaiskeli
Samahani kaka, sikukusudia. Hospitalini ndivyo walivyoniambia, hata mimi sikuwa na jina lake. Ila mwanangu mwenyewe anajiita Sungura. Amechora masikio kwenye begi la shule.

#20 NesiWaZamu
Tunaliita hivyo kwa sababu mzazi anaelewa papo hapo. Nikisema "mpasuko wa mdomo" ananiuliza amejikata na nini.

#21 Kovu_Langu
Basi mzazi mwelezeni mtakavyo, mtoto mwiteni jina lake. Huyo wa Fundi amelichagua mwenyewe, mimi nilichaguliwa. Begi lake nimelipenda.

#22 Darubini
Kidogo nje ya mada. Jürgen Habermas, mwanafalsafa wa Ujerumani aliyezaliwa 1929, alizaliwa na kaakaa lililopasuka. Aliyaeleza mwenyewe mwaka 2004 alipopokea Tuzo ya Kyoto: upasuaji wa utotoni, na wenzake shuleni kutomwelewa anaposema. Ndiye huyohuyo aliyetumia maisha yake kuandika jinsi watu wanavyoelewana kwa kuzungumza.

#23 Kovu_Langu
Kila mara mtu huniletea mfano wa aliyekuwa mkubwa. Mimi nataka ruhusa ya kuwa wa kawaida.

#24 Darubini
Haki yako. Nimeipokea.

#25 NyuziNne
Nafanya kazi chumba cha upasuaji, si daktari. Mnabishana umaskini au aibu au wahudumu, lakini kuna kitu hakuna aliyekitaja, na ndicho kinachomsumbua mtoto wa yule mwenzake mleta mada: ALIFUNGWA mdomo. Kaakaa bado.

Mdomo hufungwa kwa kawaida miezi 3 hadi 6. Siku ile ni sherehe. Bibi analia, baba anapiga picha, tunampa tarehe ya kurudi kwa kaakaa, ambalo hufungwa kati ya miezi 9 na 18. Tarehe inafika, benchi lina nafasi. Ukipiga simu unaambiwa "ameshapona". Na kwa macho ya nyumbani ni kweli, ule uwazi uliokuwa unaleta maneno umezibwa. Uliobaki hauonekani mpaka afungue kinywa, na ndio uliomnyima maziwa, ndio unaomjaza masikio, ndio utakaomfanya aseme kwa king'ong'o. Aibu yenu humpeleka mtoto hospitalini mara ya kwanza. Ikiisha, hakuna kinachomrudisha. Mimi hata aibu naiona ina faida, ila ina macho mafupi.

Kuchelewa kuna gharama yake. Utafiti uliochapishwa 2023, watoto 558 wa Ulaya na Amerika Kusini, uliwalinganisha waliofungwa kaakaa wakiwa na miezi 6 na waliofungwa wakiwa na miezi 12. Walipofika miaka 5, hewa kuvujia puani wanapoongea ilikuwa kwa asilimia 8.9 ya wale wa mwanzo na 15 ya wale wa baadaye. Hapo tofauti ni nusu mwaka tu. Huku tunaongelea miaka mitatu, minne.

#26 MzeeWaKubisha
Utafiti huo naujua. Wale walikuwa na kaakaa tu, bila mpasuko wa mdomo, wakiwa na afya ya kuhimili upasuaji, kwenye vituo vyenye kila kitu. Usiuhamishe mzima mzima kwa mtoto wa kilo 5 mwenye upungufu wa damu. Kumlaza mapema mtoto dhaifu nako ni hatari.

#27 NyuziNne
Kweli, na sijasema wote wafungwe miezi 6. Nimesema warudi.

#28 FundiBaiskeli
Kuhusu kurudi. Sisi tumo kwenye hilo kundi la "benchi lina nafasi", kwa hiyo niseme kwa niaba ya wasio humu. Akiba ya miaka miwili iliishia kwenye mdomo. Nikasema kaakaa mwakani. Mwakani ikawa mwakani. Sikudhani amepona, nilijua kabisa hajapona, kila nikimnywesha maji naona yanarudi puani. Simu yenu nilipokea nikasema "anaendelea vizuri" kwa sababu sikutaka kusema sina nauli kwa mtu nisiyemjua.

#29 Shangazi_Pilipili
Hiyo nayo ni aibu, Fundi. Haya ya mfukoni.

#30 FundiBaiskeli
Umenishinda, Shangazi.

#31 Pweza_Mvivu
Sasa nani kapata bao hapo? Refa nimechanganyikiwa.

#32 MtiMkavu
Dawa ni kuwafuata walipo. Zile kambi za upasuaji ziongezwe. Operation Smile na Smile Train si wote wanaruka na ndege wiki moja na kufanya kazi yote?

#33 NyuziNne
Hapana, ni mashirika mawili na yalianza tofauti. Operation Smile ilianza 1982 kwa safari za madaktari wa kujitolea, siku hizi pia wanafundisha na wana vituo vya kudumu. Smile Train ilianzishwa 1999, na njia yake ni kuwapa mafunzo na fedha madaktari walio palepale wafanye mwaka mzima.

Kambi ina kazi yake, inamfikia ambaye asingekuja kamwe. Nimeona mtu wa miaka 50 na kitu akifungwa mdomo kambini, mjukuu amemshika mkono. Lakini mshono wa kaakaa wakati mwingine hufunguka tundu dogo wiki kadhaa baadaye, na hapo kambi imeshafungasha. Tena upasuaji ni sehemu tu. Kuna masikio, matamshi, meno, kupandikiza mfupa wa fizi akifika miaka 8 hadi 11 hivi, wengine taya wakishamaliza kukua. Ni safari ya miaka 18. Wiki moja haitoshi kwa lolote katika hayo.

#34 MtiMkavu
Kituo cha kudumu kipo mjini, mtoto yupo kijijini. Tume ya upasuaji ya jarida la kitabibu la Lancet ilisema 2015 kwamba watu bilioni 5 hawapati upasuaji salama wanaoweza kuumudu pale wanapouhitaji. Hao unawapangia miaka 18 ya kuja na kurudi? Bora wiki moja iliyofika kuliko miaka 18 isiyofika.

#35 KijikoUsiku
Meno jamani, msiyapite. Mimi nilifanya kila kitu sawa mpaka kijiko, halafu meno yakanishinda. Niliogopa mswaki karibu na mshono, nikawa napangusa kwa kitambaa tu. Na kila akitoka kuchomwa sindano, pipi. Kila mgeni, pipi, "maskini mtoto". Akiwa na miaka 3 meno manne ya mbele yameoza. Daktari wa meno akaniambia mfupa wa fizi haupandikizwi kwenye kinywa kilichooza. Ile ya kuwalaumu watu wanaomzunguka, hapo ni mimi.

#36 MzeeWaKubisha
Basi nimalizie ubishi wangu kwa leo. Wote mnasema nyumba mbaya inadhoofisha mtoto. Mmewahi kuigeuza? Mtoto anayelia usiku kucha, hanenepi, maziwa yanamtoka puani, anamchosha kila mtu. Ukoo unakimbia, baba anapotea. Mtoto anayeongezeka uzito anabebwa na kila mtu. Huenda mama mkwe wa yule mwenzako si chanzo. Huenda wako alinenepa wiki mbili za kwanza kwa bahati tu, mama yako akapata moyo, akaendelea. Kijiko kilileta upendo, si upendo kuleta kijiko.

#37 KijikoUsiku
Mzee, mama yangu angemlisha hata angekuwa jiwe. Lakini sitakataa kwamba siku mizani iliposogea gramu 200, wote tuliimba.

#38 Shangazi_Pilipili
Baba anapotea, unasema kama hali ya hewa. Anapotea kwa miguu yake.

#39 BabaWaSikuTisa
Habari zenu. Samahani kuingilia, nimetafuta nikaufikia uzi huu. Mwanangu ana siku 9. Mdomo wake ni mzima, hauna kitu. Lakini akinyonya maziwa yanatoka puani, anapaliwa, na leo amepimwa amepungua kuliko alivyozaliwa. Tuliporuhusiwa walisema yuko sawa. Mnaongelea kaakaa, linaweza kupasuka peke yake mdomo ukiwa mzima?

#40 NesiWaZamu
Linaweza, na ndilo linalopitwa zaidi siku ya kuzaliwa kwa sababu uso hauna alama. Kupapasa kwa kidole hakutoshi, la nyuma kabisa kwenye kaakaa laini huwezi kulihisi. Mtu mmoja amshike, mwingine awashe tochi, akilia kinywa kikiwa wazi utazame juu mpaka nyuma kabisa, kwenye kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Ukiona uwazi, au kimio kimegawanyika mara mbili, ni hilo. Usiposhawishika, nenda hivyohivyo. Mtoto wa siku 9 aliyepungua chini ya uzito wa kuzaliwa na anapaliwa haongojei wiki ijayo, apelekwe leo. Mkiwa njiani: mkalisheni wima, mama akamue, kikombe kidogo, kidogo kidogo.

#41 FundiBaiskeli
Na nauli kama haipo sema hapa. Usijibu "anaendelea vizuri".

#42 Shangazi_Pilipili
Na mama yako mzazi mwambie wewe, kabla hajaambiwa na jirani.

#43 BabaWaSikuTisa
Tumeona. Kimio ni viwili, na mbele yake kuna uwazi kama upana wa kalamu. Tunaondoka sasa hivi.

@Shangazi bibi yake anajua. Ndiye aliyeshika tochi.